Ilunga Hakuambiwa Achague

Kamina, majira ya nyasi kuungua

Yaya Kasongo, kaka yangu mkubwa,

Nina habari za mwanao Ilunga, na wewe ndiwe niliyetaka uzisikie wa kwanza. Lakini sitaanza na mwisho. Ulikuwa unanikemea kila nilipofanya hivyo: "Numbi, unaharibu mambo. Anzia fasi inaanzia." Basi nitaanzia inapoanzia, hata kama wewe unapajua kuliko mimi.

Inaanzia hospitalini, siku ulipoacha kukohoa kwa nguvu, na sisi tukafikiri unapona. Mke wako alikuwa ametoka kutafuta uji. Ukanishika kidole. Kidole kimoja tu, maana nguvu ya kushika mkono mzima hukuwa nayo tena. Ukasema: "Ilunga asiache masomo. Na mupira, usimukataze. Muntu asimuambie achague, sawa balivyoniambia minyi."

Nikajibu, "Ndiyo, yaya."

Ningejibu nini? Siku ile ningeitikia lolote. Sikujua nimeitikia kazi kubwa kiasi gani.

Unaikumbuka mipira yako ya utomvu? Mimi naikumbuka hadi harufu yake. Ulikuwa unakwenda porini kuchanja ile mimea inayotambaa yenye maziwa, unajipaka utomvu mikononi na kifuani, unaacha ukauke, halafu unaubandua na kuuviringisha juu ya kitambaa cha zamani cha mama mpaka unakuwa duara. Vinyweleo vyote vya mkono viling'oka pamoja nao. Ulikuwa unalia na kucheka kwa wakati mmoja. Mpira wenyewe ulidunda vibaya, unaupiga huku unakwenda kule, lakini watoto wote wa karibu na stesheni walikuja kwa ajili yake.

Mimi nilikuwa mlinzi wa kibao chako cha kuandikia. "Shika, usikivunje," ulikuwa unaniambia, halafu unapotea kwenye vumbi. Nilikaa kando nimekikumbatia, na kwa kuwa sikuwa na kitu kingine cha kutazama, nilitazama herufi ulizoandika. Sijui kama niliwahi kukuambia. Yaya, mimi nilijifunza kusoma kwenye kibao chako, wewe ukicheza.

Kisha yule mwalimu wa misheni akakusimamisha mbele ya wote. Masomo au mpira, chagua.  Kesho yake ulinisindikiza kama kawaida, ukanifikisha mlangoni, ukanikabidhi kibao, ukageuka kurudi. Ulikuwa mtoto bado. Baba akakupeleka kubeba mataruma ya reli. Na miaka yote ile uliyochezea timu ya wafanyakazi, watu wakikubeba mabegani, mimi nilikuona Jumapili kanisani. Umeshika kitabu cha nyimbo, kidole chako kinatafuta mstari, na wenzako wameshaingia ubeti mwingine. Hukulalamika hata siku moja. Lakini nilikuona.

Baada ya matanga mke wako alirudi kwa baba yake Kabondo-Dianda, binti yenu Mbuyu mgongoni, maana kule kuna shamba na hapa hakukuwa na kitu cha kuwalisha. Ilunga akabaki kwetu, kwangu na mume wangu, kwa sababu ya masomo. Ananiita baba mwanamuke, kama desturi inavyotaka, kwani dada ya baba naye ni baba. Siku za kwanza jina lile lilinichoma. Nilikuwa nageuka kutazama nyuma, kana kwamba ni wewe unayeitwa.

Kamina usingeitambua. Ndege za askari zinapita juu ya mapaa mpaka kuku wanaingia ndani. Sokoni wamejenga kibanda kirefu cha matofali. Na nyuma ya stesheni, pale palipokuwa na majani marefu, sasa kuna kiwanja, kimesawazishwa, kina milingoti ya goli ya miti iliyonyooka. Anayefundisha vijana pale ni rafiki yako Mwamba. Goti lake limekataa kucheza, lakini sauti bado ile ile. Siku ya kwanza alipomwona Ilunga na mpira, alikuja mpaka mlangoni kwangu, jasho linamtoka.

"Mama Ester," akasema, kwa jina langu la ubatizo, "leo nimeona Kasongo. Nimeona Kasongo iko nakimbia."

 Nikaingia jikoni kusonga bukari, na maji ya kusongea yalikuwa hayajawekwa hata motoni.

Mwaka wa kwanza ulikwenda vizuri, au mimi niliona hivyo. Asubuhi masomo, jioni mpira. Nikajisifu moyoni kwamba nimetimiza maneno yako yote mawili, na wala si kazi. Ila kila siku mazoezi yalikwisha giza likiwa limeshaingia. Mtoto anarudi, anakwenda maji, anakula, anafungua kitabu, na nikipita nyuma yake namkuta shavu liko juu ya ukurasa. Nilikuwa namfunika nguo na kumwacha. Nilidhani huo ndio upendo.

Kisha Mwalimu Yeremia akaniita. Ndiye mwenye kalasi ya mwisho, mtu wa kanisa letu, mwembamba, shati lake halina mkunjo. Mwaka huu, aliniambia, ni mwaka wa mtihani wa kuingia masomo ya juu, na nafasi ni chache.

"Mama, akili iko nayo," akasema. "Lakini anaileta hapa imeshachoka."

Nilirudi nyumbani nikapiga mpira marufuku.

Ilunga hakubisha. "Ndiyo, baba mwanamuke," basi. Akawa anatoka masomoni moja kwa moja hadi nyumbani, anakaa kwenye kiti kando ya mlango, kitabu magotini mpaka jua linazama. Majirani walinisifia. Lakini mimi niliyekuwa ndani nilimwona anavyokaa na ukurasa mmoja bila kuugeuza. Chakula akawa anakigusagusa tu. Kutoka uani kwetu kelele za kiwanjani zinasikika vizuri, na kila zilipopanda aliinua kichwa.

"Goli," alikuwa anasema polepole, halafu anainama tena.

Siku moja nikamuuliza anajuaje kama si mpira umepita nje tu.

"Ukipita inje, banapiga kelele na banaacha mbio," akanijibu. "Ikiwa goli, kelele inakawia."

Alilisema bila hasira, kama mtu anayeeleza habari za mji aliohama. Na mwisho wa mwezi Mwalimu Yeremia akaniambia hesabu zake zimeshuka zaidi kuliko wakati ule alipokuwa anacheza. Ndipo nilipokaa jikoni peke yangu nikakuona wewe mlangoni pa misheni, unanikabidhi kibao. Yule mwalimu wako alikuambia uchague. Mimi sikumpa mtoto hata nafasi ya kuchagua. Nilimchagulia.

Kesho yake nilifunga kitambaa kichwani nikaenda kiwanjani. Wanawake wanaofika pale ni wauza karanga tu, kwa hiyo vijana walisimama kunitazama. Nikamwambia Mwamba: "Jumamosi, kuya kula kwetu." Kisha nikaenda kumwambia Mwalimu Yeremia maneno hayo hayo. Sikumwambia yeyote kati yao kwamba mwingine ameitwa.

Ungecheka, yaya. Walipokutana uani kwangu walisalimiana kama watu wanaodaiana shamba. Nilipika bukari, sombe ya majani ya muhogo, na samaki wakavu wa kutoka ziwa Kisale, na nikangoja vinywa vijae.

"Mupira hautamupa kazi," Mwalimu akaanza.

"Na kitabu hakitamupa mapafu," Mwamba akajibu. "Angalia weye mwenyewe."

"Minyi sikubaita kushindana," nikawaambia. "Kasongo hakuniachia batoto babili, mumoja wa masomo, mwingine wa mupira. Ameniacha na Ilunga mumoja. Sasa muniambie, huyu mumoja tutamufanya namna gani?"

 Mwalimu Yeremia alinawa mikono, akajifuta taratibu, halafu akamuuliza Mwamba mazoezi yanaanza saa ngapi na kwa nini yanachelewa kwisha. Sidhani kama kuna mtu aliyewahi kumuuliza. Mwamba akaeleza kwamba anawangoja vijana wanaofanya kazi depo ya reli. Mwalimu akauliza kama watoto wa masomo hawawezi kuanza mapema bila kuwangoja. Mwamba akakuna kidevu. Akasema inawezekana. Nusu ya shida yetu ilikuwa pale, yaya, na sisi tulikuwa tumemkatia mtoto pumzi kwa miezi.

Tukapatana. Ilunga ataanza mapema na kuondoka kiwanjani jua likiwa bado lipo. Siku zenye masomo mazito, hakuna mpira, na Mwamba hatamwekea kinyongo. Maji ya jioni nilichukua mimi. Na kitabu tukakihamisha kutoka usiku kwenda alfajiri, kichwa chake kikiwa kimepumzika. Unajua baridi yetu ya kiangazi. Tulikaa karibu na moto, yeye na blanketi, mimi na kitabu mkononi namuuliza: majina ya mito, hesabu za matenki yanayojaa maji, vitenzi vya Kifaransa ambavyo nilikuwa nimevisahau na vingine sikuwahi kuvijua. Alikuwa anajibu huku mguu wake unaviringisha kiazi sakafuni. Mwanzoni nilimkataza. Kisha nikaona mguu ukisimama, jibu nalo linasimama. Nikaacha kiazi kiviringike.

Usifikiri mambo yalinyooka kama reli. Kuna wiki alilala akakosa alfajiri zote. Kuna siku alinidanganya kwamba hakuna kazi ya nyumbani, na ilikuwepo. Na Mwamba, mechi ikikaribia, alikuwa "hasikii" kwamba jua limeshuka. Basi nikawa nakwenda kusimama pembeni ya kiwanja, mikono kifuani, bila kusema kitu. Baada ya muda vijana wenyewe wakawa wananiona kwa mbali na kupiga kelele: "Ilunga! Baba mwanamuke amefika!" Sasa Kamina nzima inaniita hivyo. Hata muuza chumvi.

Polepole hesabu zikapanda. Na Ilunga akaanza tena kula.

Halafu ikaja Bukama.

Timu ya vijana wa Bukama ilituma mwaliko, mechi Jumamosi. Mtihani ulikuwa Jumatatu asubuhi. Kwenda Ijumaa kwa gari la moshi, kurudi Jumapili. Mwalimu Yeremia alipata habari akaja kwangu kabla sijamaliza kufagia. Akasema hapana, gari la moshi linaweza kuchelewa, na mtihani haumngoji mtu. Alikuwa na haki. Mwamba naye akaja, akasema upande wa kushoto hana mwingine, na vijana wamekuwa wakiisubiri safari hii tangu mvua za kwanza. Naye alikuwa na haki. Wote wawili wakanigeukia mimi.

Ilunga alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko. Nilimwona anavyonitazama. Amekuwa na macho yako, yaya, yale ya kutoomba.

"Baba mwanamuke," akasema, "na weye utaniambia nichague?"

Hakuna aliyewahi kumsimulia maneno yako ya hospitalini. Mimi sikumsimulia.

Nikaegemea ufagio. Nikasema: "Apana. Tutaenda. Na kitabu kitaenda, na minyi nitaenda."

Mume wangu alicheka aliposikia. Kisha akaona mimi sicheki, akaenda kunitafutia kikapu.

Ndivyo nilivyopanda gari la moshi na vijana wote wale, wanaimba, wanapigana vikumbo, nyayo zao zinanuka vumbi. Nilimkalisha Ilunga dirishani nikafungua kitabu. Mara ya kwanza walinicheka. Kisha mmoja, mlinda goli wao, kijana mnene mwenye sauti nyembamba, akajibu swali kabla ya Ilunga. Akakosea. Wengine wakamzomea, na kila mmoja akataka kujaribu. Kabla hatujafika Kabondo behewa zima lilikuwa linasoma. Mama mmoja mwenye mbuzi alijibu swali la mto Lualaba unakoelekea, akapigiwa makofi.

Kabondo mke wako alikuwa ametungoja stesheni. Nilikuwa nimemtumia salamu na mtu wa reli. Alikuwa amebeba viazi vya kuchemsha kwenye jani, bado vya moto, na alimshika Ilunga uso kwa mikono miwili kupitia dirishani.

"Njo huyu mutoto wangu? Miguu mirefu hivi?" Kisha akaniuliza mimi, chini chini: "Masomo, iko nasoma?"

Nikainua kitabu aone.  Gari lilipoondoka alikuwa bado ameinua mkono.

Mechi nitakueleza kwa ukweli, maana wewe ungejua kama ninapamba. Tulishindwa. Ilunga alicheza vizuri, alimpa mwenzake mpira wa goli letu la kwanza kwa ule mguu wako wa kushoto, na Mwamba akaruka na goti lake bovu. Lakini vijana wa Bukama walikuwa wakubwa, na mwishoni kabisa Ilunga alibaki yeye na mlinda goli wao peke yao, akapiga, mpira ukagonga mlingoti. Hapo hapo wakaondoka nao wakaenda kutufunga. Yaya, mimi sikuwahi kukaa kwenye mechi tangu nikiwa mlinzi wa kibao chako. Nilijikuta nimesimama, kitenge kimefunguka, napiga kelele kama mwendawazimu.

Alikuja kulia kwenye bega langu ambako wenzake hawamwoni. Nilimwacha alie. Sikumwambia kwamba mpira ni mchezo tu. Wewe usingemwambia hivyo.

Na kurudi, alilolihofia Mwalimu Yeremia likatokea. Jumapili mchana injini iliharibika kwenye kituo kidogo ambacho hata duka hakina. Tukakaa. Jua likageuka, tukakaa. Nilikuwa nawaza kwamba nimetupa mwaka mzima wa mtoto kwa sababu ya kiburi cha kutotaka kumkataza. Sikuonyesha. Lakini Mwamba alinitazama, akainuka. Mwamba huyu huyu. Akawapanga vijana kwenye kivuli cha behewa, akampa mlinda goli kitabu, akasema, "Muulize, mumoja mumoja. Fujo hapana." Na kila abiria aliyekaribia akiongea kwa sauti, alimwinulia kidole: "Polepole, mama. Mutoto iko nasoma."

Tuliingia Kamina Jumatatu, jua linachomoza. Ilunga bado alikuwa na jezi ya timu na vumbi la Bukama magotini. Nilikuwa nawaza jinsi tutakavyokimbia, mimi na kikapu changu. Gari liliposimama nikamwona Mwalimu Yeremia kwenye jukwaa la stesheni. Shati lake lilikuwa limekunjamana. Baiskeli mkononi, na mfukoni kalamu iliyochongwa.

Alikuwa pale tangu jana yake jioni. Karani wa stesheni ndiye aliyeniambia baadaye. Yeye mwenyewe hakusema.

Hakunikemea. Hakumkemea Mwamba. Alimwambia Ilunga neno moja tu: "Panda."

Ilunga akapanda nyuma, akamshika kiuno, na wakaenda. Mimi na Mwamba tukabaki na vikapu. Kisha Mwamba akapangusa pua akasema, "Huyu mualimu... iko na mapafu, eh?"

Na sasa ndiyo habari yenyewe. Wiki hii majina yalisomwa. Ilunga amepita. Si wa kwanza, yaya, wala wa pili, lakini jina lake limo, na wiki ijayo ataingia masomo ya juu ya misheni, mbali na hapa. Niliposikia nilikwenda mbio kwa Mwamba. Kitu cha kwanza alichoniuliza: "Kule kiwanja kiko?" Nikasema sijui, tumuulize Mwalimu. Tukaenda. Mwalimu Yeremia akasema kiko, tena kikubwa, alishaandika kuuliza. Alisema hivyo huku anapanga chaki zake, kama jambo lisilo na maana.

Nilipomwambia Ilunga amepita, alikwenda kukaa nyuma ya nyumba peke yake. Nilimwacha kidogo, kisha nikaenda. Akaniuliza kama wewe ungefurahi zaidi kwa mtihani au kwa ile pasi ya Bukama. Nikacheka, halafu nikashindwa kuendelea kucheka. Nikamwambia ungefurahia vyote, na ungeinunia ile ya mlingoti kwa wiki nzima. Usiku ule nilimweleza yote: utomvu, kibao, mlango wa misheni, kidole chako hospitalini. Alisikiliza bila kuniingilia.

Nakukosa, yaya. Nakukosa hasa jioni, kelele zikipanda kiwanjani.

Mke wako ametuma salamu kutoka Kabondo. Anasema Mbuyu amefikia umri wa masomo, nimchukue. Anasema pia, kana kwamba ananionya, kwamba binti huyu hatulii: anakimbia kwenda kisimani, anakimbia kurudi, anawapita wavulana wote wa kijiji, na bibi yake anaona haya. Nakuahidi hili. Akifika, nitamuuliza kwanza anapenda nini. Nitamsikiliza mpaka amalize, ndipo nitakapomwonyesha mahali pa kuchota maji.

Sasa pumzika, kaka yangu. Mimi naacha kuandika hapa. Mtoto wako amekaa uani ananingoja nimnyoe, na gari lake la moshi linaondoka kesho.

Ni mimi mdogo wako,

Numbi